Chui Wangu Hakuwa na Kinyesi

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilianzia bandarini Dar es Salaam, saa tisa usiku, mvua ikinyesha. Daktari wa wanyama anapigiwa simu na mtu asiyemjua, anachukuliwa na gari lenye vioo vyeusi, anashushwa mbele ya kontena. Mlango unafunguliwa. Ndani kuna chui mweusi, ametulia tuli, macho yanawaka. Amefungiwa humo siku kumi na mbili na bado ana nguvu za kumrukia mtu shingoni.

Niliipenda sana sura ile. Nikaichapa, nikaifunga kwa uzi wa kijani kama jalada la ofisini, nikampelekea mzee mmoja aliyeniongoza nilipokuwa mafunzoni vijijini. Ni bwana mifugo mstaafu, anakaa Morogoro na ng'ombe wake watatu na redio yake. Si msomaji wa riwaya. Nilimchagua kwa sababu ndiye mtu pekee ninayemwogopa kwenye kazi hii.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, kuku wa mayai wanaendeleaje. Halafu akasema, "Dokta, huyu chui wako siku kumi na mbili yumo kontenani. Mavi yake yako wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Amekula nini? Kama amekula, amekunya. Kama hajala, hasimami. Maji je? Na mkojo wa chui ndani ya bati lile, jua la Dar linalichoma kutwa, mlinzi wa getini hakusikia harufu? Wewe ni daktari kweli, au umesahau?"

Nilikata simu nimenuna. Jioni nikaisoma tena sura yangu, nikaona ni kweli: nilikuwa nimeandika daktari niliyemwona kwenye sinema, wala si yule anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda Mbagala kuangalia kwa nini kuku mia tatu wamesinzia. Kazi yangu kwa miaka yote ni kunusa, kupapasa na kutazama kinyesi. Nilipokaa kuandika, hayo yote niliyaweka kando kana kwamba ni aibu, nikaenda kuazima kazi ya mtu mwingine.

Nieleze kidogo nilikotokea. Nilisomea udaktari wa wanyama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro. Kozi ni ya miaka mitano, na bwenini tulikuwa tunaazimana riwaya za upelelezi mpaka jalada linang'oka na kurasa za mwisho zinapotea, kwa hiyo wapo wauaji kadhaa ambao mpaka leo siwajui. Hamu ya kuandika ilianzia hapo. Ila kilichoniwasha zaidi ni habari ya twiga.

Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga, walipakiwa kwenye ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakapelekwa Qatar. Habari ilipolipuka mwaka uliofuata, nchi nzima ilizungumza kitu kimoja. Wengine walikuwa wanauliza nani kala hela. Sisi wanafunzi wa SUA tulikuwa na swali letu: twiga anaingiaje kwenye ndege? Tulichora michoro nyuma ya madaftari. Twiga mzima anafika mita tano, huyo hapiti. Twiga akizaliwa tu ana takriban mita 1.8, kimo cha mwanamume mrefu. Basi lazima walikuwa wachanga. Na kama walikuwa wachanga, mama zao walikuwa wapi siku wanakamatwa? Ubishi ulitupeleka mpaka saa saba za usiku, ukaishia kwenye dawa ya usingizi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka mingi baadaye liliokoa sura nzima ya riwaya.

Kwenye rasimu yangu, daktari anapiga mshale, mnyama anaanguka papo hapo. Hakuna kitu kama hicho. Mshale ukipiga, mnyama anaondoka mbio na dawa yako mwilini, na wewe unamfuata dakika baada ya dakika ukiomba asiingie korongoni au majini. Kwa twiga ni balaa zaidi. Moyo wake unasukuma damu kupanda shingo ya karibu mita mbili, shinikizo lake ni kama mara mbili ya la mtu. Dawa inayotumika sana kwa wanyama wakubwa, ambayo wenyewe wanaiita M99, inambana pumzi. Kwa hiyo wanaomkamata hawamwachi alale. Wanampa dozi kubwa ya kumwangusha, na akigusa ardhi tu wanamchoma dawa ya kuizima ile ya kwanza. Kuanzia hapo anashikiliwa na watu: wanne, watano, wamekaa juu ya shingo na kichwa, macho yamefunikwa, masikio yamezibwa. Yuko macho kabisa. Akifanikiwa kuinua kichwa, wote wanarushwa.

Na M99 yenyewe haichezewi. Matone machache yakikuingia mwilini, kwa sindano au kwa kidonda, unaweza kufa kabla gari halijafika barabarani. Ndiyo maana hupaswi kuigusa peke yako. Anakuwapo mwenzako, dawa ya kukuokoa wewe imeshavutwa kwenye bomba la sindano, naye anajua pa kukuchoma.

Nilipokumbuka hayo, sura ya mshale nikaichana. Nikaandika upya: daktari yuko porini usiku na watu wawili asiowaamini, chupa ya M99 mkononi, na anayeshika sindano ya kumwokoa ni yule yule aliyemtishia mchana. Sikuongeza risasi hata moja. Mdogo wangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa ananishauri nitie popobawa ili kitabu kiuzike, aliisoma akaniuliza kama kweli kazi yetu iko hivyo. Nikamwambia mimi mwenyewe nashinda na kuku. Lakini iko hivyo.

Mzee alipata rasimu ya pili. Safari hii alitumia penseli. Pembeni ya ukurasa ambapo pofu, yule swala mkubwa, anakufa siku nne baada ya kukamatwa, na daktari anashuku sumu, aliandika: "Mkojo ulikuwa na rangi gani?" Nikaelewa anakotaka kwenda. Mnyama wa porini akikimbizwa sana misuli inaungua yenyewe, sumu yake inamwagika kwenye damu, figo zinaziba. Mkojo unakuwa kama kahawa. Anaweza kusimama, akala kidogo, ukashangilia, kisha akafa baada ya siku kadhaa bila kuguswa na mtu. Nilikuwa na mhalifu wa kutia sumu kwenye rasimu, nimempa hadi jina na kovu. Nikamfuta. Sasa daktari anatafuta muuaji kwa sura tatu, halafu anagundua kwamba mnyama aliuawa na gari lililomkimbiza, na dereva wa gari lile ndiye amekuwa akimletea chai kila asubuhi.

Chui naye nilimwondoa. Nikamweka mtoto wa duma, na sababu ni mbili. Kwanza, biashara ya watoto wa duma ipo kweli: wanakusanywa Pembe ya Afrika, wanavushwa Ghuba ya Aden kwenda kwenye nyumba za matajiri Uarabuni, na wengi wanafia njiani. Pili ni sauti. Duma hangurumi kama simba. Mtoto wa duma analia kama kifaranga, unaweza kuapa kwamba jirani kanunua kuku wadogo. Basi riwaya sasa inaanza hivi: mama mmoja anamuuliza jirani yake kwa nini vifaranga vyake vinalia saa nane za usiku, na jirani anajibu kwamba hafugi kuku.

Dalili niliyompa daktari wangu niliichukua kliniki. Kuna watu wana mapenzi na mbwa kuliko elimu ya mbwa, wanamlisha mtoto wa mbwa maini na steki tupu, eti ale vizuri. Baada ya wiki kadhaa miguu inapinda, mtoto analia ukimshika, mfupa unavunjika kwa kuruka kochi tu. Nyama tupu haina chokaa ya kutosha, mwili unakwenda kuichukua kwenye mifupa yake wenyewe. Duma mchanga aliyelishwa hivyo anapata yale yale. Kwa hiyo jamaa kwenye riwaya anaposema, "Tumemwokota juzi," daktari anapapasa mguu wa mbele, anakaa kimya. Mguu ule haukupinda juzi. Mtoto huyu amekaa kwenye nyumba ya mtu, amelishwa nyama nzuri, na mtu huyo ana pesa.

Hapo nilianza kuona kwamba sisi tumekuwa wapelelezi siku zote. Mgonjwa wetu hasemi, na anayemsemea ana sababu za kuficha. Mtu analeta mbuzi, anakwambia, "Kidonda kimeanza jana jioni, dokta." Unafungua, unakuta funza wanene wamejaa. Jana jioni hiyo imeanza wiki iliyopita. Humwambii kwamba anadanganya. Unasafisha, unauliza tena kwa njia nyingine, mpaka itoke kwamba mbuzi alikuwa kwa shemeji na shemeji hataki kulipa. Sijawahi kusoma riwaya ya upelelezi yenye mahojiano mazuri kuliko yale ya mwenye mbuzi.

Sasa nifike kwenye sehemu niliyoizunguka kwa rasimu tatu.

Oktoba 2015, usiku wa saa nne hivi, kliniki yetu ya vyumba viwili Dar es Salaam. Nilikuwa nafunga hesabu. Akaingia kijana na kasha la plastiki la kuhifadhia nguo, amelitoboa matundu kwa msumari wa moto. Mtu wa adabu. Aliniamkia shikamoo ingawa tulilingana umri.

"Dokta, mzigo unalegea. Unakwenda kesho kutwa."

Ndani kulikuwa na soksi. Soksi nyeupe za watoto wa shule, kila moja imefungwa mdomo kwa mpira. Akafungua moja akaimimina kwenye kiganja changu, na sijui niseme vipi. Alitoka mjusi asiyezidi kidole changu, wa buluu. Naomba msifikirie buluu ya mjusi kafiri. Buluu ya umeme, kama ncha ya moto wa gesi, koo lake jeusi. Sekunde ile ya kwanza sikuwa daktari. Nilikuwa mtoto.

Halafu nikaona ngozi imekunjamana mbavuni, macho yamezama. Kiu.

"Unawapa maji?"

"Nawapa, dokta. Kila soksi naingiza kifuniko cha soda. Hawanywi."

Na kweli hawanywi. Mjusi wa aina ile analamba matone kwenye majani, maji yaliyotulia kifunikoni hayana maana kwake. Walikuwa wanakufa kiu na maji yako pembeni yao. Nilimwambia atafute chupa ya kupulizia, kama ile ya saluni, awatoe kwenye soksi, awaweke kwenye kasha lenye majani, apulize ukungu mwembamba kutani asubuhi na jioni. Nikamwonyesha. Yule wa kiganjani alitoa ulimi, akalamba tone, akalamba tena, na buluu yake ikakolea mbele ya macho yetu. Tulifurahi wote wawili. Hilo nimelificha muda mrefu: nilifurahi.

"Ni mijusi gani hii?" nikamuuliza.

"Mijusi tu ya porini, dokta. Wazungu wanafuga kwenye vioo."

Sikumuuliza imetoka wapi. Mwenye mbuzi ningemuuliza mara nne. Nilipokea shilingi 30,000, nikamwambia usiku mwema.

Nilimjua mjusi yule baadaye. Anaitwa Lygodactylus williamsi, na nyumbani kwake ni Kimboza, msitu mdogo wa takriban hekta 400 chini ya milima ya Uluguru, na vipande vichache vya jirani. Duniani kote hayupo porini mahali pengine. Nilisoma miaka mitano mwendo wa saa chache tu kutoka hapo, nimepita barabara ya Matombo sijui mara ngapi nikifuata ndizi, sikuwahi kusikia habari zake. Anaishi kwenye mikadi, ile miti yenye majani marefu kama panga, yenye miiba pembeni. Dume ndiye wa buluu, jike ana rangi ya kijani. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilichukua mijusi zaidi ya 30,000. Mei 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na mwaka huo huo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Johannesburg ukamwingiza kwenye Kiambatisho cha Kwanza, daraja la wanyama ambao biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Picha yake ilikuwapo. Nilishuka kituo kisicho changu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kimboza, na mzee akanisindikiza. Msitu umekaa juu ya mawe ya chokaa, yamechongeka, unatembea unatazama miguu. Tulionyeshwa mkadi ulioangushwa. Mjusi anakaa juu kwenye makutano ya majani, mtu hafiki kwa urahisi kwa sababu ya miiba, kwa hiyo wakamataji wengine walikuwa wanaukata mti mzima, wanaokota mijusi chini kama maembe. Sikutegemea. Wakati wote nilikuwa nawafikiria mijusi, nyumba yao haikuwa imenijia akilini. Mzee alikaa juu ya gogo akafungua chupa ya chai. Sikumwambia kitu kuhusu kasha la soksi. Nilimwambia kwamba ninafanya utafiti wa riwaya.

Kwenye riwaya daktari anaikamata bunduki, anapiga simu polisi, anaokoa mijusi 112. Niliandika hivyo rasimu ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Na kila mara sura hiyo ilikuwa mbovu. Nyingine zilipona, za twiga, za duma, hii ilikuwa inanuka rangi mbichi. Nilibadilisha hali ya hewa, nikaongeza mbwa, nikampa daktari mume mkorofi. Haikusaidia.

Mzee ndiye aliyeniuliza. Alirudisha rasimu ya tatu ikiwa na alama moja tu ya penseli, duara kwenye ile namba, na neno moja: "Uliwahesabu?"

Wengine wangesoma "aliwahesabu". Niliitazama ile herufi u kwa muda mrefu. Sijui alijuaje. Labda ni vile nilivyokaa kimya pale kwenye gogo. Mtu aliyehoji wafugaji miaka thelathini na zaidi haangalii mdomo.

Nikaenda kliniki, nikashusha rejesta za zamani. Huwa tunaandika kila mgonjwa: tarehe, mnyama, idadi, tatizo, tiba, malipo. Kuku wanahesabiwa mmoja mmoja, hata wakiwa mia tatu. Mbuzi anaandikwa rangi yake. Nikatafuta Oktoba 2015, nikaupata ule usiku, mwandiko wangu mwenyewe, wino wa buluu.

"Mijusi. Kasha 1. Upungufu wa maji. Ushauri. 30,000/="

Riwaya sasa inaanza na mstari huo. Vifaranga vya saa nane vimesogea sura ya pili.